Beringi za Gari la Wagonjwa

Fundi alikuwa ameilaza krenki, mhimili wa injini, juu ya gunia safi, ameifuta mafuta, na anapitisha ukucha shingoni mwake kutafuta mikwaruzo, dada yake marehemu alipoingia karakana na kuketi kwenye benchi la wateja. Alivaa gauni la uzazi, lilelile alilopandia gari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na mikono hiyo! Mama alikufundisha bure."

Injini iliyofumuliwa ilikuwa ya gari la wagonjwa la zahanati. Ilinoki, ikafa katikati ya mlima, dada akiwa nyuma, uchungu umemshika. Beringi za bandia zililainika kama sabuni, zikaing'ang'ania krenki, gari likagoma. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima. Mtoto naye hakufika.

Mezani palikuwa na maboksi mawili ya beringi, vibamba vyembamba vilivyopinda mfano wa ukucha wa kidole gumba. Kazi yake ni kuibeba krenki ili chuma kisisage chuma. Dada alichukua kibamba kimoja kutoka kila boksi, akaviweka ulimini kwa zamu.

"Hiki ni chuma kizuri," alisema. "Hiki kina ladha ya ule mlima."

Fundi alilisogeza boksi la kile kizuri karibu na krenki. Hakutaka mtu mwingine aketi kwenye lile benchi.

Tajiri wa karakana aliingia, akamwona mgeni, akavua kofia.

"Pole na safari, dada. Umepata chai?"

"Ahsante, baba. Sisi hatunywi."

"Basi jinyooshe, hapa ni kwenu." Kisha akalitia lile boksi zuri kabatini, akafunga kwa ufunguo. "Fundi, funga hizi zilizobaki."

"Tajiri, hizi ndizo zilizomuua."

"Shemeji yangu ndiye anayezileta. Nikizikataa, nitalala wapi? Na ajali haina kinga, bwana."

"Hiyo si ajali," dada alisema. "Hilo ni boksi."

Tajiri alicheka kwa adabu, maana marehemu habishiwi.

Fundi aliweka spana chini. Tajiri hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba fundi wa karakana jirani angezifunga, tena kwa nyundo. Fundi alimjua huyo jirani. Akamtazama dada yake, naye dada akatazama mikono yake mwenyewe. Basi fundi akaiokota spana. Alizipaka mafuta beringi zile, akazipanga moja moja, akakaza kila boliti kwa kipimo chake, kwa uangalifu uleule ambao angezipa zilizo halisi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Injini iliwaka kwa sauti tamu. Dereva alimshukuru sana, akaondoka.

Mvua zilipoanza, mwanamke asiyejulikana pale karakana aliingia akiwa na viatu mkononi, vimelowa tope la mlimani. Aliuliza watu wanasubiri wapi. Dada alisogea, akampisha.

"Karibu, mdogo wangu. Benchi lina msumari upande huo, angalia gauni."

Tajiri alimpa pole yule mgeni. Halafu alilipima benchi kwa shubiri, akatikisa kichwa, akamwita seremala. Aliagiza lililo refu zaidi, lenye egemeo.

Fundi alitandika gunia safi. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani, likivutwa kwa kamba.