Mguu wa Kushoto wa Mzee Harnam

Mimi nimechoka na magari ya wazee. Si kwa ubaya. Gari ya kijana ikiharibika anakupigia simu, anakuchokoza kidogo, unaitengeneza, mnaachana. Gari ya mzee inakuja na maisha yake yote ndani, na wewe uliyeshika spana ati uyatengeneze yote.

Naitwa Kimaiyo. Nina gereji Kitale, nyuma ya soko, na miaka thelathini na moja nimelala chini ya magari ya watu mpaka mgongo umekataa. Kati ya hayo yote kuna moja nililokuwa nalitambua kwa mlio kabla sijaliona: Datsun nyekundu ya milango miwili, pua ndefu, ya mwaka wa sabini na mbili, ya Mzee Harnam wa Bungoma. Enzi zake aliikimbiza kwenye mashindano, matope mpaka juu ya paa. Mafundi wa Bungoma wako, tena wazuri, lakini mzee hakutaka mwingine aiguse.

Desemba mkewe, Mama Kaushalya, alifariki. Februari gari ikaanza kusumbua.

"Klachi imekataa, Kimaiyo," mzee aliniambia. "Nakanyaga mpaka chini na bado gia zinalia. Rivasi ndiyo haiingii kabisa."

Kabla ya kuingia nilitoa kapeti ya chini ya miguu, maana viatu vyangu vya kazi ni oili tupu. Ilikuwa kapeti ya sufi, nene, nyekundu na kijani. Marehemu aliishona kwa ajili ya hiyo gari bila kumwambia mtu, na mzee aliikuta kwenye sanduku lake baada ya mazishi, akaitandika. Nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya benchi mbali na uchafu. Chini ya gari nikakuta silinda ndogo ya klachi inavuja kidogo. Nikasema, si hiyo hapo? Nikaibadilisha, nikatoa hewa, nikaizungusha gari mpaka Kiminini na kurudi. Gia zote zikaingia bila neno. Nikanawa mikono, nikarudisha kapeti, nikampa mzee ufunguo. Kabla hajafika Kimilili gia zikaanza kulia tena.

Mara ya pili nilibadilisha silinda ya juu. Mara ya tatu nilishusha giaboksi nzima, siku mbili, kwa mgongo huu huu, nikaweka klachi pleti mpya. Kila mara nikiijaribu mimi, iko sawa. Kila mara akiendesha yeye, inalia. Sitadanganya, hasira ilinipanda. Gari iliyokufa unaivumilia, lakini gari inayokutii wewe halafu inamkatalia mwenyewe ni dharau, bana.

Jioni ya ile mara ya tatu, mtoto wake Gurpreet, mwenye duka la mabati na misumari pale Bungoma, alinipigia simu.

"Fundi, niambie ukweli. Shida ni gari ama ni mzee? Tangu mama aende amelegea sana."

Nilikuwa nimetoka kuoga. Mke wangu Chelagat alikuwa ameshaniwekea ugali, na nilichotaka duniani ni kukaa tu.

"Gari iko sawa," nikamwambia. "Nafikiri ni mguu. Klachi ya hiyo Datsun ni nzito, inataka mtu mwenye nguvu."

Nikakata simu, nikala. Ugali ulikuwa bado moto.

Maji yakimwagika hayazoleki. Gurpreet alichukua ufunguo wa gari usiku huohuo. Mzee akapelekwa kwa daktari, akaandikiwa vidonge, akanunuliwa mkongojo. Miezi mitatu hakugusa usukani. Halafu Gurpreet akapata mnunuzi, mtu wa Eldoret anaitwa Cheruiyot, anayekusanya magari ya zamani, wakapatana aje Jumapili. Mimi nikaambiwa nije niiwashe tu, mnunuzi aone inatembea.

Nilitoka kanisani moja kwa moja. Nilikuwa na suti yangu moja na viatu vyeusi ambavyo Chelagat alikuwa amevipiga rangi tangu Jumamosi. Bungoma nikamkuta mzee ameketi barazani, mkongojo katikati ya magoti.

"Umekuja kuizika, Kimaiyo?"

"Nimekuja kuiwasha tu, mzee."

"Sawa. Mguu wenyewe ndio huu." Akaugonga na mkongojo, vile mtu hugonga tairi kujua kama lina upepo.

Nikaingia kwenye gari haraka haraka. Viatu vyangu vilikuwa safi, kwa hivyo sikutoa kapeti. Gurpreet na Cheruiyot walikuwa kando wanaongea. Nikawasha, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikavuta rivasi, na gia ikalia.

Nikajaribu tena. Ikalia. Mguu ulikuwa wangu, mguu ambao umekanyaga klachi za Trans-Nzoia yote. Nikainamisha kichwa. Kiatu changu cha kanisani kilikuwa kimekanyaga pedali, na pedali imekalia sufi ya Mama Kaushalya. Kapeti ilikuwa imesogea mbele, ikajikunja pale chini. Nikaivuta ikatoka. Pedali ikashuka vidole viwili zaidi, na rivasi ikaingia kimya.

Mara tatu niliitoa hiyo kapeti kwa heshima, nikatengeneza, nikajaribu, nikairudisha kwa heshima. Ile "chini" ya mzee ilikuwa juu ya kapeti, na mimi kila mara nilikanyaga bila kapeti.

Niseme lililokuwa moyoni. Hakuna aliyeniona. Ningeitupa hiyo kapeti nyuma ya kiti, Cheruiyot angeondoka na gari, na jina langu lingebaki safi. Nilikaa pale nikiwaza hivyo kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Halafu nikazima gari, nikatoka, kapeti mkononi.

"Mzee," nikasema, "mguu wako hauna kitu. Ni kapeti. Inazuia pedali isifike mwisho. Mimi huwa naitoa nikifanya kazi, ndiyo maana sikujua."

Gurpreet alinitazama. "Lakini fundi, wewe ndiye uliniambia..."

"Nilikuambia. Nilikuwa nimechoka, nikasema kitu nisichokijua."

Mzee Harnam alisimama. Mkongojo aliuacha umeegemea kiti. Akaja polepole, akaingia kwenye gari, akawasha, akakanyaga. Ya kwanza. Ya pili. Rivasi. Ya kwanza tena. Hakuna gia iliyolia.

"Miezi mitatu nimekunywa dawa ya mguu mzima," akasema, macho yakiwa mbele. "Watoto wangu wamenishika mkono kuvuka barabara, Kimaiyo. Na mimi nikakubali. Nikajiambia, kweli, nimeisha."

"Nisamehe, mzee."

Mzee alirudisha gari nyuma, akatoka getini, akaelekea upande wa Kibabii. Cheruiyot akamuuliza Gurpreet kama gari bado inauzwa. Gurpreet akamwambia samahani, akaingia ndani. Mimi nilibaki pale uani na kapeti ile mikononi, sijui niende ama nikae.

Baada ya nusu saa gari ilirudi. Mzee akanifungulia mlango wa abiria.

"Ingia. Nakupeleka Kitale. Na hiyo uishike vizuri."

Nikaingia, nikaiweka kapeti magotini. Tulipita kituo baada ya kituo nikitazama mguu wake wa kushoto ukienda chini na kurudi, bila haraka, bila kutetemeka. Tulipokuwa tunakaribia Kimilili barabara ikaanza kupanda, akashuka kutoka gia ya nne mpaka ya tatu.

"Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia kitu, mzee."

"Mimi pia."

Halafu mkono wake wa kushoto ukaacha gia, ukashika pembe ya kapeti pale magotini mwangu. Aliishikilia hivyo mpaka juu ya mlima, alipohitaji kubadilisha tena.