Mashuka ya Mgeni Rasmi

Kazi kubwa ilikuwa kwenye kucha. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umejikunja tangu beseni la maji ya moto lilipoumwagikia akiwa bado anajifunza kutembea. Vidole vilikuwa vimelala kiganjani na ngozi imevishikilia huko huko, na kucha zilipokua hazikuwa na pa kwenda ila kwenye nyama. Mama yake alimkalisha ukingoni mwa karo kwenye bafu la wodi, akasokota kitambaa mpaka kikawa chembamba, akakipitisha chini ya kidole kimoja kimoja kwa ile sabuni ya dawa aliyopewa na sista. Kisha akaingiza ncha ya mkasi mdogo, akakata, akapuliza.

"Inauma?"

"Inatekenya. Mama, wakishaufungua nitapiga makofi leo leo au kesho?"

"Mpaka kidonda kipone."

"Na kikipona leo?"

Mtaani walimwita Chiriku, na ukikaa naye hata kidogo huhitaji kuuliza sababu. Alikuwa na miaka saba na maneno ya mtu wa sabini. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka duniani: ile michezo ya wasichana wanayosimama wawili wawili, wanaimba na kupigana viganja. Yeye nyimbo zote alizijua, hata zile zenye matusi kidogo, lakini hakuna aliyekubali kusimama naye. Ngumi yake iliwaumiza viganja, na haikutoa mlio.

Bibi yake alikuwa mlangoni, ameshika taulo.

"Mke mwenzangu, punguza maneno. Mate yatakukauka na maji hupewi."

"Sina kiu," alisema Chiriku. Alikuwa na kiu. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo kuambiwa asile wala asinywe tangu usiku, na siku mbili za mwanzo alirudishiwa chakula jioni bila kupasuliwa, mara ya kwanza kwa sababu umeme ulikatika, mara ya pili kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Daktari wa mikono alikuwa mgeni. Alikuja kwa wiki moja, na wiki ilikuwa inaishia leo, usiku anaondoka. Alimwangalia Chiriku siku ya kwanza, akamwambia mama mtu bila kuzunguka: ukichelewa, mifupa itakua katika huo mkunjo, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya.

Walipotoka bafuni, sista wa wodi alimwita mama pembeni, karibu na kabati la dawa.

"Daktari yupo. Dawa ya usingizi ipo. Umeme, Mungu asaidie, upo. Mashuka ya upasuaji ndiyo hayapo. Yaliyobaki ni ya wagonjwa wawili wa mwanzo tu, na mwanao ni wa mwisho."

Kama kuna mtu katika hospitali ile aliyepaswa kujua habari za mashuka, ni Mama Chiriku. Alikuwa kibarua wa chumba cha kufulia, kule chini nyuma ya jiko. Mashine ilikuwa imekufa tangu kabla ya mvua za mwaka uliopita, na kifaa chake kilikuwa kinasubiri sahihi ya mtu ambaye kila siku alikuwa mkutanoni. Wanawake wawili walikuwa wanafua kwa mikono mashuka ya hospitali nzima. Mmoja ni mwenzake, ambaye kiuno kilikuwa kinamsumbua. Wa pili ni yeye, na yeye alikuwa ameomba ruhusa ili amuuguze mtoto. Ndiyo kusema, mashuka yalikuwa hayajafuliwa kwa sababu mfuaji alikuwa wodini anasubiri mashuka. Alitamani kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

"Na yale mapya ya stoo?"

Sista aliangalia dirishani. "Yale si ya kuguswa. Lakini nenda, labda wewe atakusikiliza."

Mtunza stoo walimwita Bwana Funguo. Alivaa kamba shingoni yenye funguo nyingi kuliko milango ya jengo, na alitembea akizishika zisilie. Nyuma yake, kupitia wavu wa mlango, maboksi yalionekana yamepangwa mpaka karibu na dari, kila moja limefungwa utepe mwekundu. Mashuka ya kijani, mapya kabisa, ya chumba cha upasuaji. Yalitolewa na wafadhili kitambo kidogo.

"Shikamoo, Bwana Funguo."

"Marahaba, mama. Najua kilichokuleta. Mashuka hayo hayajakabidhiwa."

"Si yako ndani?"

"Yako ndani, lakini hayajakabidhiwa. Mgeni rasmi anakuja Jumatatu. Atakabidhi, atapigwa picha, atakata utepe. Baada ya hapo hata ukitaka kujifunika nayo, funika."

"Mwanangu anapasuliwa leo. Daktari anaondoka usiku. Naomba bunda moja tu, Jumatatu litakuwa limeshafuliwa na kupigwa pasi, nalirudisha mwenyewe kwenye boksi. Hakuna atakayejua."

Alionekana kuona aibu, hilo tusimnyime. Alizikunja funguo kwenye kiganja.

"Mama Chiriku, mimi nina wakubwa. Wameyahesabu. Nikifungua boksi moja, Jumatatu mimi ndiye nitakayekabidhiwa kwa polisi. Na wewe ni kibarua, jina lako linapita mezani kwangu kila mwezi. Usinitie matatani, nami nisikutie."

Mama akashuka kwenye chumba cha kufulia.

Mwenzake alikuwa ameinama juu ya pipa, mkono mmoja kiunoni. Alipomwona akanyooka taratibu.

"We, si uko ruhusa?"

"Ruhusa imeniisha. Nitolee ya upasuaji, tuanze na hayo."

Waliyatoa mashuka ya kijani kwenye maji baridi yalimolowekwa tangu jana, maji yakiwa na rangi ya kutu. Wakayasugua kwa magadi na sabuni ya mche, wakayatia kwenye pipa la maji yanayochemka, wakayakoroga kwa mti, wakayasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Kuyakamua walishika ncha huku na huku na kusokota, mmoja kulia mwingine kushoto, kama walivyofanya siku zote. Mwenzake aliuma meno kila waliposokota lakini hakuacha.

Nje kulikuwa na wingu. Walianika hivyo hivyo, kisha yakiwa bado na unyevu wakayapeleka kwa Mzee Pasi, ambaye alikuwa na chumba chake kidogo chenye meza ndefu na joto la kumwivisha mtu.

"Yamelowa haya," alisema. "Unataka niyakaushe kwa maombi?"

"Kwa pasi, mzee. Ni ya Chiriku."

Mzee Pasi aliacha utani. Alipiga kila shuka mara tatu, mvuke ukimpanda usoni. Moja lilikuwa na tundu. Mama alilishona kiraka pale pale, uzi mweupe kwa sababu wa kijani haukuwepo, akalikunja na mengine kwa mkunjo unaotakiwa, pembe juu ya pembe, ili daktari akivuta ncha moja shuka lifunguke lenyewe bila kuguswa ndani. Likapatikana bunda moja kamili. Walipotaka kuanza la pili, makaa ya kuchemshia yalikuwa yamekwisha, na makaa nayo yana stoo yake.

Sista wa chumba cha upasuaji alilipokea bunda mlangoni, akalitia kwenye mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu. "Likitoka huku, namwita mwanao," alisema. "Kamwandae."

Alimkuta Chiriku ameshavishwa gauni la hospitali, refu mpaka limefagia sakafu, na kofia ya karatasi imemshuka hadi nyusi. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alikuwa kimya, na ukimya wake ndio uliomtisha mama kuliko kisu chenyewe.

"Amenyamaza tangu saa ngapi?" alimuuliza bibi.

"Tangu alipoacha kuuliza uko wapi."

Mama alimlaza kichwa mapajani. Mikono yake ilinuka magadi, na mtoto aliifahamu harufu hiyo, akasogea karibu zaidi. Daktari mgeni akapita, akainama, akachora kwa kalamu ya wino wa zambarau mistari juu ya vidole vilivyokunjika, hapa na hapa na hapa. Akamwambia, "Hizi ndizo njia zangu. Usizifute." Chiriku alitabasamu kwa mara ya kwanza mchana ule. Akaushikilia mkono hewani ili usiguse kitu.

Walimpandisha kwenye kitanda cha magurudumu, wakamsukuma hadi kwenye ukumbi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Mama na bibi wakasimama kila mmoja upande wake.

Wakiwa hapo, kitanda kingine kilikuja mbio kutoka leba. Mkunga alikuwa anasukuma huku amepanda mguu mmoja. Juu yake alilala msichana mdogo, tumbo juu, macho yameacha kuangalia kitu chochote, na shuka la chini yake halikuwa na rangi yake tena. Milango ikafunguliwa kwa mgongo, ikajifunga. Ukumbi ukabaki na matone sakafuni.

Baada ya muda sista wa chumba cha upasuaji akatoka. Alikuwa ameshusha kitambaa cha mdomo.

"Mama Chiriku."

"Umelitoa bunda," alisema mama.

"Nimelitoa. Ndilo lilikuwepo. Sikuwa na muda wa kukuuliza."

"Ungeniuliza ningesema nini?"

Bibi ndiye aliyemwinamia mtoto, akamwambia, "Mke mwenzangu, tunarudi wodini."

"Nimeshapasuliwa?" aliuliza Chiriku. Alikuwa amesinzia kidogo kwa njaa. Akautazama mkono, akaona mistari ya zambarau ingali pale pale. "Bado," akajijibu mwenyewe.

Daktari mgeni alikuja wodini akiwa tayari amebeba begi. Alisema angesubiri lau angekuwa na uwezo, lakini safari haikuwa mikononi mwake. Atarudi mwakani wakimwalika. Alisema pole, akairudia, na ilionekana kwamba alikuwa anaisema kwa dhati, jambo ambalo halikusaidia. Mama alimshukuru. Kisha akaenda kuomba chai na mkate, akamlisha mwanawe vipande vidogo vidogo vilivyochovywa, maana tumbo tupu halipokei kwa pupa. Machozi yalimtoka mama akiwa anachovya, akayafuta kwa bega ili asiache kulisha.

Kabla ya magharibi kulikuja ndoo ya mashuka kutoka chumba cha upasuaji. Mwenzake alikuwa amelala chini kwenye saruji, kiuno kimegoma kabisa, kwa hiyo mama akashuka. Damu ikikauka haitoki. Alimimina maji baridi, akazamisha shuka la juu, na kiraka chake cha uzi mweupe kikaibuka, sasa kimekuwa chekundu. Mfagizi aliyepita mlangoni alisema yule msichana kajifungua, wa kiume, wote wazima. Mama alisema alhamdulillah, na aliimaanisha. Kisha akaushika ukingo wa pipa na kulia kwa sauti, kwa kuwa hapo chini hapakuwa na wa kumsikia ila mtu aliyelala kwenye saruji, na huyo alikuwa analia pia.

Alipopanda wodini alisikia makofi.

Bwana Funguo alikuwa amesimama katikati ya vitanda. Watoto wenye uwezo wa kukaa walikuwa wamekalishwa mstari mmoja, na mama zao nyuma yao.

"Sasa," alikuwa anasema, "mgeni rasmi akishanyanyua shuka la kwanza juu, hivi, mimi natikisa kichwa, nanyi mnapiga. Moja, mbili, tatu."

Watoto wakapiga. Chiriku naye, chai ikiwa imemrudishia uhai, alikuwa amejiweka mbele kabisa, kofia ya karatasi bado kichwani. Alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote, kiganja cha kushoto juu ya ngumi ya kulia, na uso umemchangamka. Kati ya milio ya wenzake, wake ulisikika mzito na mfu. Mistari ya zambarau ilikuwa imeanza kufutika.

Bwana Funguo aliinua kidole. "Huyo wa mbele arudi nyuma kidogo. Anapoteza mapigo."

Mama alipita katikati ya vitanda, mikono yake ikichuruzika maji. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akaishika ile mikono miwili, akaiweka mapajani kwake.

"Huyu hapigi," alisema.

"Lakini mama, nimeshajua mapigo yake."

"Najua unajua. Haya sio ya kupiga."

Bwana Funguo alizishika funguo zake zisilie. Alizungumza chini chini, kwa upole kabisa. "Mama Chiriku. Nimekwambia mapema. Jina lako linapita mezani kwangu."

"Lipitishe," alisema mama.

Hakusimama, wala hakuiachia mikono. Wodi yote ilikuwa inawaangalia. Bibi alikaa kwenye kitanda nyuma yao na kukunja mikono yake mwenyewe kifuani. Bwana Funguo alikohoa, akageukia upande wa pili wa mstari.

"Haya, waliobaki. Moja, mbili, tatu."