Vitanda Vilivyotazama Kwao

Itangazwe kwa walimwengu wote, hasa wale wenye masikio, kwamba historia ya muziki imegawanyika sehemu mbili: ile ya kabla ya Jumapili tutakayoisimulia hapa, na ile ya baada yake. Sehemu ya kwanza ina watunzi wakubwa, kumbi za fahari na suti nyeusi. Ya pili ina vitanda vya chuma vya bweni la wavulana, na malalamiko ya matroni kuhusu sakafu. Msimulizi, kwa upande wake, hana kitanda katika habari hii. Anaripoti tu.

Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, wanafunzi walikuwa wamelala chali kama sheria ya mapumziko ilivyotaka. Vitanda vilikuwa vimenyooka. Kila asubuhi kiranja wa bweni alivuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kila mguu wa kitanda ulitakiwa kuigusa kamba bila kuisukuma. Chini ya bweni palikuwa na chumba cha muziki, na humo alikuwemo mwalimu aliyeitwa Sauti Nne, kwa sababu aliamini kwamba wimbo wowote unaoimbwa kwa sauti pungufu ya nne ni kelele za bafuni. Kwaya ilikuwa haijafika. Mwalimu aliimba peke yake, bila kinanda, sauti ya kwanza ya wimbo alioutunga kwa ajili ya mashindano. Ulikuwa wimbo mfupi usio na maneno, wa kupanda kidogo na kushuka kidogo, ambao hata mtu mwenye mafua angeuweza.

Vitanda vikageuka.

Viligeuka taratibu, vikikwaruza sakafu, kila kimoja na mtu wake juu, mpaka kila mwanafunzi akawa ameelekeza miguu nyumbani kwao. Mmoja aliyejigamba muhula mzima kwamba anakaa mjini, karibu na uwanja wa ndege, kitanda chake kilielekea kilima cha mbuzi kinachoonekana dirishani. Wawili wasiosemezana walijikuta miguu yao inatazama mtaa mmoja. Kitanda cha kiranja kilielekea jikoni. Alieleza kwamba nyuma ya jikoni, mbali sana, ndiko kwa bibi yake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyegawa zamu za kusafisha vyoo, wote waliafiki.

Walilala hivyo wakitazama kwao. Mmoja alisema anasikia harufu ya sabuni ya mama yake. Mwingine alisikia dada zake wakigombea redio. Hakuna aliyelia, isipokuwa wale waliolia.

Matroni alipanda ngazi, akaitazama sakafu. "Nta nimepiga jana," alisema. "Kama mnakwenda kwenu, nyanyueni vitanda. Msiburute."

Kitanda cha mlangoni kilikuwa cha mtundu mmoja mashuhuri, aliyewahi kuivisha kengele ya shule soksi, shule nzima ikachelewa kuamka. Kiranja akaanza naye.

"Umefanyaje, wewe?"

"Mimi nimelala, kaka. Kihoji kitanda."

Kitanda chake kilitazama juu ya tangi la maji, moja kwa moja hadi kwenye nyumba yenye geti la buluu ambalo bawaba yake ililia kila mtu alipoingia. Mtundu aliisikia ikilia. Alikuwa na mzaha mzuri tayari mdomoni, ila hakuutoa.

Tangu hapo bweni likawa linaingoja Jumapili. Tatizo lilikuwa kwaya. Ilipoingia na sauti zake zote nne, pamoja na kinanda, wimbo ulikuwa mkubwa wa kutetemesha vioo, na hakuna kitanda kilichosogea. Wanafunzi wakatuma wajumbe.

"Mwalimu, tunaomba ile ya peke yake."

"Ile ni mifupa," alisema Sauti Nne. "Wimbo kamili una nyama."

"Hiyo mifupa ndiyo inayotembea, mwalimu."

"Rudini mkalale."

Lakini kila Jumapili, kabla kwaya haijafika, aliiimba mara moja peke yake, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya wageni, na hiyo ilitosha.

Muhula ulipofika katikati, kitanda cha mlangoni kilielekea kwenye tangi kama kawaida, kikasimama, kisha kikaendelea. Kilijaribu upande wa mjini, kikaukataa. Kikajaribu upande wa uwanja wa mpira. Kikawa kinazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

"Kwenu wamehama nini?" aliuliza jirani yake.

"Kinacheza dansi," alisema mtundu. "Kimesomea."

Walicheka. Yeye alicheka kuliko wote, na Jumatatu akaenda ofisini kwa matroni kuomba simu. Matroni alimpa, akatoka nje, akafunga mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vipi, unaumwa?"

"Nyumba imekwenda wapi?"

"Nani amekuambia?"

"Kitanda."

"Nilitaka nikuambie mkifunga shule. Mimi na mama yako tumekubaliana kila mtu ashike njia yake. Nyumba tusingeweza kuikata katikati, tukauza."

"Mlikubaliana lini?"

"Ulikuwa na mitihani, mwanangu."

"Na mimi nashika njia ipi?"

"Tutaongea. Wewe soma."

Jioni mtundu alikwenda chumba cha muziki. Alimwomba Sauti Nne asiiimbe tena sauti ya kwanza peke yake.

"Kitanda chako kinatazama wapi?" aliuliza mwalimu.

"Popote. Kinazunguka."

Sauti Nne alikaa kwenye kiti chake cha kinanda, akauvumisha wimbo midomo ikiwa imefungwa. Kiti kikaanza kuzunguka naye. Ulionekana uso, kisogo, kisha uso.

"Nyumba ya mama yangu ilibomolewa ipite barabara," alisema alipopita. "Barabara nzuri. Naitumia mwenyewe." Akapita tena. "Ulidhani kiti cha kuzunguka nilinunua kwa fahari? Vile vya kawaida vilikuwa vinavunjika miguu."

"Sasa kwa nini unaiimba?"

"Kwa sababu kila mzunguko napita mlangoni kwake. Sisimami. Ila napita."

"Na zile sauti nyingine tatu?"

"Hizo ni watu wa kushika kiti."

Mtundu hakuomba tena. Kwaya ilikwenda kwenye mashindano, ikaimba kwa sauti nne, ikashika nafasi ya pili kutoka mwisho. Majaji walisema kasoro ilikuwa sauti ya kwanza, nyepesi mno. Muhula ukaisha. Baba alituma habari kwamba vitu vya mtundu viko salama kwenye maboksi, na kwamba shangazi atamchukua kwa sasa. Hakusema sasa hiyo itafika lini. Hiyo ndiyo habari kamili, kama ilivyoripotiwa na mtu asiyehusika.

Leo tunafunga shule. Bweni ni tupu. Kiranja, ambaye bado anangoja gari la kwao, anasoma haya juu ya bega langu, na anauliza msimulizi alijuaje yaliyosemwa kwenye simu, maana ofisini mle matroni alitoka na mlango ulifungwa.

Swali zuri. Ndiyo maana akapewa ukiranja.

Basi, kitanda cha mlangoni ni changu. Nimekaa juu yake sasa hivi, na msomaji aniwie radhi kwa mwandiko, kwa sababu huko chini mwalimu anafunga kinanda chake na anaimba. Nimeshapita tangi la maji, nimepita jikoni. Lile geti, nikifika usawa wake, bado linalia.

"Nilijua," anasema kiranja. Ameshika chuma cha kitanda kwa mkono mmoja, na anajaribu kuimba sauti ya nne, vibaya sana. Kinazunguka bado, ila polepole.