Ngurumo Mbele ya Mkwe

Renatus alikuwa hodari wa kutafsiri filamu, na uhodari wake wote ulikuwa kwenye kuongeza chumvi. Siku za mnada wa Dongobesh, watu wakishauza mbuzi wao, walijaa kwenye kibanda umiza cha Tawakali, kibanda cha kuonyeshea filamu, ili kumsikiliza. Jambazi wa kwenye filamu akisema maneno mawili, Renatus kwenye maiki alisema ishirini, na watu walitoka wakimsifu jambazi.

Mnada huu, lakini, aliijaribu maiki mara tatu kabla ya kuanza. Kwenye benchi la mbele, kofia juu ya goti, alikaa Mzee Tluway, katekista wa Bashay, baba yake Eva. Eva alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba kijana anayetaka kumposa anafanya kazi ya kutafsiri. Mzee alifurahi, maana yeye mwenyewe ndiye anayetafsiri mahubiri kwa Kiiraqw kila padre mgeni akija kigangoni. Akasema, "Nitakwenda kumsikia. Nikiridhika, alete washenga. Nisiporidhika, yaishie hapo hapo." Basi akaja, na mkewe Philomena ubavuni.

Renatus alimpa shikamoo ya mwili mzima, kisha akamwomba Tawakali filamu ya kutisha yenye mafunzo, waovu waadhibiwe mwishoni. Tawakali, mfanyabiashara asiyekosa jibu, alitoa moja yenye picha ya zimwi na jeneza lenye msalaba kwenye kasha. "Chukua hii. Ina msalaba mpaka kwenye kasha," alisema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiangalia. Haraka haraka haina baraka, lakini nani anakumbuka methali mkwe akiwa ameshakaa?

Mwanzo ulikuwa mzuri. Makaburi, ukungu, muziki wa kukaza tumbo. Jeneza lilifunguka taratibu na akina mama wakashikana mikono. Zimwi likatoka, likanyoosha kucha zake, likamsogelea msichana aliyekuwa anapiga magoti. Halafu likainama, likajamba.

Halikujamba kidogo. Mishumaa yote ya makaburini ilizimika, msichana akaanguka chali, na zimwi lenyewe likaziba pua.

Nani angethubutu kucheka mbele ya katekista? Vijana waliuma kola za mashati yao, na macho yote yalikuwa kwenye kisogo cha Mzee Tluway. Neno lile halitamkwi mbele ya baba mkwe, hata ukishikiwa panga.

"Ngurumo hiyo," alisema kwenye maiki. "Msichana ameogopa radi."

Zimwi likarudia, safari hii kwa kirefu.

"Mvua inakaribia," Renatus aliendelea kwa sauti nyembamba. "Mvua kubwa ya masika."

Mama mmoja huko nyuma, ambaye mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani, aliguna. "Hata ya filamu inanyesha kwa wenzetu."

Zimwi likageuka, likapandisha joho lake, na matako yakajaa televisheni nzima.

"Sasa... mawingu yametanda," alisema Renatus.

Mzee Tluway akasimama. "Isimamisheni hiyo."

Tawakali akaisimamisha, na matako yakabaki pale pale, yameganda kwenye televisheni. Renatus aliona posa yake imekufa. Akilini alimwona Eva akiolewa na mwalimu fulani wa Nangwa, mtu asiye na maiki.

"Kijana," mzee alisema, "mimi nimekulia nyumba moja na ng'ombe. Nimelala nikiwasikiliza tangu utoto. Ile ni radi?"

"Hapana, baba."

"Padre akinigombeza mimi mwenyewe kwenye mahubiri, ninawatafsiria watu vile vile nilivyogombezwa. Mkalimani hapunguzi. Kama kidogo hiki umenificha, siku binti yangu akiugua nyumbani kwako utaniambia nini? Ni ngurumo?"

Renatus aliona aibu kweli kweli.

"Sema kwenye maiki. Zimwi limefanya nini?"

Renatus akaisogeza maiki mdomoni. "Limejamba, baba."

Wa kwanza kupasuka kwa kicheko alikuwa Mama Philomena, kitenge usoni, mabega yakiruka. Kibanda kizima kikamfuata. Watu walipiga benchi, wengine wakaangukiana. Mzee alijitahidi kukunja uso, lakini mashavu yalimvimba, na alipoachia, kofia ilidondoka. Renatus alicheka huku machozi yakimtoka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mzee alifuta macho, akaokota kofia, akaketi.

"Jumapili baada ya misa, walete wazee wako," alisema bila kugeuka. "Na mwambie huyo bwana airudishe mwanzo."

"Airudishe, baba?"

"Airudishe. Mpaka sasa mimi nimesikia mvua tu."