Hajamaliza Kupaa

Kila Jumapili saa tisa na nusu alasiri, fundi cherehani alifagia vipande vya kitambaa vilivyobaki sakafuni, akasogeza meza ya kukatia ukutani, akaweka benchi mbele ya televisheni na kuitundika futi yake shingoni. Kinyozi, aliyepanga nusu ya pili ya chumba hichohicho, alifungua pazia lililowatenganisha. Nesi mstaafu wa nyumba ya jirani alikuja na mto wake wa kukalia. Mdogo wa mke wa fundi, ambaye wote walimwita Shemeji hata wasiokuwa mashemeji zake, alikaa pembeni kabisa akishona vifungo vya shati la mteja.

Saa kumi zilianza katuni mbili za watu wazima, moja baada ya nyingine. Zilitoka ng'ambo, na kituo cha televisheni kiliziingizia sauti za Kiswahili. Ya kwanza ilihusu ukoo wa kambare waliokuwa wakigombea urithi ndani ya tangi la maji la jengo la ghorofa. Ya pili ilihusu paa, yule mnyama mdogo mwenye pembe fupi, aliyekuwa karani wa ofisi kubwa na hajawahi kumaliza faili hata moja.

Mjini humo, mtu akicheka kwa dhati aliinuka hewani na kukaa huko mpaka kicheko kiishe. Hali hiyo ilianza miaka miwili nyuma, na faida yake kubwa ilikuwa kwamba vichekesho sasa viliweza kupimwa. Fundi alipima kutoka sakafuni hadi kisiginoni, kisha akaandika kwa chaki kwenye mwimo wa mlango, kambare kushoto, paa kulia.

Kinyozi alikuwa mtu wa kambare. Alisema kichekesho kizuri hupita kama wembe mpya, unakuja kushtukia kimeshakukata. Kambare waliwainua watu mara kumi kwa kipindi kimoja, vidole vinne au vitano kila mara. Fundi alikuwa mtu wa paa. Paa aliinua mara moja tu, lakini hadi usawa wa goti, na mara nyingi baada ya katuni kwisha, tangazo la sabuni likiwa katikati.

"Hao kambare wako wana makelele tu," fundi alisema.

"Na huyo paa wako ananichelewesha," kinyozi akajibu. "Wiki iliyopita nilimwelewa Jumatatu, nikainuka na mashine mkononi. Yule mteja ana barabara kichwani mpaka leo."

Shemeji peke yake hakuwahi kuinuka. Midomo yake ilicheza bila sauti, kidogo kabla ya wahusika kusema. Kila katuni ilipokwisha alisimamisha sindano, akasoma majina yote yaliyopita kwenye kioo mpaka la mwisho, kisha akarudi kwenye vifungo. Alikuwa mpiga chapa wa kituo hicho, na wengine waliamini amechoshwa na kazi.

Jumapili moja paa alijificha ghorofa ya juu kabisa. Bosi alimuuliza mlinzi yuko wapi.

"Paa kapaa, bosi. Yuko juu ya paa, anapaa samaki."

"Mwambie ashuke."

"Hawezi, bosi. Hajamaliza kupaa."

Chumba hakikuwa na dari, kwa hiyo wote isipokuwa Shemeji waligonga bati lenyewe. Futi ya fundi, yenye sentimita mia na hamsini, haikutosha. Fundi alitangaza akiwa huko juu kwamba ubishi umekwisha. Kinyozi alikubali, akaomba tu mtu atakayetangulia kushuka amwokotee kiatu.

Jumapili iliyofuata mtambo wa kituo uliharibika, na vipindi vilevile vikarudiwa kwa lugha ya wenyewe. Nesi, aliyesomea ng'ambo miaka mitatu, aliwafasiria. Kambare walikuwa wakishauriana kwa heshima kuhusu wasia. Mlinzi alimwambia bosi kwamba karani yuko juu anampigia mama yake simu. Hakuna aliyeinuka hata unene wa karatasi.

Nesi alipunguza sauti ya televisheni.

"Kwa hao wenye katuni yao, mnyama, kuruka, sehemu ya juu ya nyumba na kukwangua magamba ni maneno manne mbalimbali," alisema. "Sasa aliyejua kwamba kwetu ni neno moja ni nani?"

Shemeji alikata uzi kwa meno.

"Mdomo wa mlinzi ulifumba," alisema.

Alieleza bila haraka. Sauti lazima ifuate midomo, na mdomo ukifumba panatakiwa neno lenye p, b au m. Mwanzoni alimwandika yule mnyama kuwa swala, midomo ikakataa, ndipo akawa paa. Kuhusu samaki wa juu ya jengo, pale karani anaonekana kwa nyuma tu.

"Mgongo hauna midomo. Unaweza kuusemesha lolote."

Kinyozi aliuliza kuhusu kambare. Shemeji alisema na hao ni wake. Samaki anafumba mdomo kila mara, kwa hiyo anafaa matusi tu: pumbavu, bwege, mbumbumbu. Kinyozi aliutazama mwimo wa mlango, chaki ya miaka miwili, kushoto na kulia.

"Kwa hiyo tumekuwa tukipiganisha mikono miwili ya mtu mmoja," alisema.

Kwenye kioo majina yalikuwa yanapita. Maneno ya Kiswahili, ilisomeka, na chini yake jina la Mkurugenzi wa Vipindi. Shemeji alikuwa ameandika barua tatu kuomba jina lake liwekwe, hata la mwisho, hata kwa herufi ndogo. Alijibiwa kwamba mkataba wake unasema mpiga chapa. Na Jumamosi iliyofuata Mkurugenzi angepewa tuzo ya mwandishi bora.

Sherehe ilifanyika saa nne asubuhi katika ukumbi wa kituo. Shemeji alipangiwa kusimama nyuma ya Mkurugenzi amshikie karatasi. Fundi, kinyozi na nesi walisimama mlangoni. Fundi alikuwa ameunganisha futi tatu kwa pini. Wageni waliomba wasikie kipande maarufu. Mkurugenzi alijikohoza, akasoma vizuri mpaka mwisho, ambapo aligeuza ukurasa mapema.

"Hawezi, bosi. Hajamaliza samaki."

Kiti kimoja kililia. Wageni walibaki pale walipokaa.

Shemeji aliinamia kipaza sauti.

"Hajamaliza kupaa, Mkurugenzi."

Ukumbi mzima uliondoka sakafuni: mgeni rasmi na miwani yake, wahasibu, wapiga picha na kamera zao, mpishi na trei. Mkurugenzi alipanda kuliko wote, kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Alikuwa akiyatia saini tu. Fundi alipima mita tatu na sentimita sabini. Wote walikuwa wanamtazama mwanamke mmoja aliyesimama chini na karatasi zake, na walimpigia makofi wakiwa huko hewani mpaka mikono ikawauma.

Tuzo alipewa Mkurugenzi, hukohuko karibu na feni, kwa kuwa cheti kilikuwa kimeshachapwa. Aliwashukuru wapiga chapa kwa kasi yao.

Jumapili Shemeji alikuja bila shati la mtu. Alikuta mwimo wa mlango umepanguswa. Kushoto na kulia palikuwa pameandikwa kwa chaki majina yake yote matatu, kwa mkono wa fundi, kwa herufi ambazo fundi hutumia kwenye kibao cha dukani. Aliyasoma, akaketi katikati ya benchi.

Siku hiyo kambare mzee alimrithisha mwanawe tusi. Shemeji alicheka, na kwa mara ya kwanza aliinuka, akainuka na benchi, na waliokuwa juu yake wakaenda naye hadi kwenye bati. Chini yao kipindi kiliisha. Jina la Mkurugenzi lilipita kwenye kioo kwa herufi kubwa kama kawaida, likaangaza sakafu tupu.

Kinyozi aliuliza kama ni wakati wa kushuka, maana ana mteja saa kumi na moja.

"Bado," Shemeji alisema. "Hatujamaliza."