Mke Mkubwa Hajaruhusu

Bibi Kuluthumu wa Ng'ambo alikuwa na mguu mbovu na akili nzima. Mguu ndio uliomkosesha harusi ya mjukuu wake Mustafa kule Igunga. Akili ndiyo iliyomwonya Jumapili ile kwamba Mustafa na mkewe Shamila wakishamwekea filamu ya harusi, hao, wanarudi Nzega. Hata mkoba Mustafa hakuutua mgongoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Tua mzigo, umefika kwa mke mkubwa."

"Tunawahi basi. Filamu ikianza tu, tunakimbia."

Filamu ilikuwa kwenye laptopu, na tundu zake za waya zilikuwa zimekufa zote. Mustafa akawasha gemu lake la zamani, lililobaki chini ya televisheni tangu alipohama, ili livute filamu kwa njia ya hewa. Laptopu akampakatisha Bibi.

"Gemu litaomba kuingia humo. Likiomba, bonyeza Ruhusu."

Bibi aliishia darasa la nne, lakini Ruhusu alijua kuisoma. Na Kataa pia. Akabonyeza Kataa.

"Limegoma!" Mustafa akabofya pedi upya. Likaomba tena, Bibi akakataa tena, uso mkavu kama yuko msikitini.

"Halina adabu," akasema. "Linaingia kwa watu bila hodi."

Mustafa akajikunyata nyuma ya televisheni kukagua waya. Shamila, aliyekuwa nyuma ya kiti cha Bibi akitafuna michembe, vile viazi vikavu, alikuwa amekiona kidole cha Bibi kikibonyeza Kataa. Akainama sikioni.

"Mke mwenzangu, tukilala hapa leo, utaruhusu?"

"Na kesho mle mchana."

"Na kesho tule mchana."

Bibi akabonyeza.

Harusi ikajaa kwenye kioo. Mustafa huku, Shamila kule, katikati yao kiti kitupu kimetandikwa kanga ya Bibi, ile iliyopotea, akamtukana jirani kwamba kaianua kambani. Ukumbi mzima unakipigia kiti vigelegele.

Bibi akajifuta pua.

"Wezi wakubwa nyie," akasema. "Haya, kimbieni. Basi halijaondoka."

Mustafa akamtazama mkewe anayecheka, akaitazama laptopu mapajani mwa Bibi, akaelewa. Akanyoosha kidole, akabonyeza hewa.

"Kataa," akasema, akautua mkoba.