Kiganja Juu ya Majivu

Fundi wa kuchomelea alikuwa na sheria zake za moto, na pale nyumbani walizijua zote kwa moyo, watake wasitake. Shimo la moto alilichimba mwenyewe uani, mbali na ukuta na matawi, akalizungushia matofali na kuliundia wavu wa chuma wa kuzuia cheche. Upepo ukivuma, hakuna kuwasha. Na wa mwisho kuondoka amwage maji, akoroge, kisha aweke kiganja juu ya majivu. Akisikia joto hata kidogo, maji tena.

Kwa hiyo banda la kuku la mama lilipoungua alfajiri moja kwa cheche za shimo lile, mtaa mzima haukujua ucheke au ulie. Fundi wa moto kaaibishwa na moto! Wateja walimtania hata wakileta mageti yao: "Fundi, na hili litarudi salama kweli?" Akacheka nao, kicheko cha meno tu.

Kilichomuuma ni mama. Hakumgombeza; alisema, "Nami nilikuamini," na tangu hapo hakumruhusu hata kuwasha jiko la chai. Fundi alikumbuka wazi kiganja chake juu ya majivu baridi kabla ya kwenda kulala. Lakini watu wakikuambia jambo kila siku, hata mkono wako mwenyewe unaanza kuutilia shaka.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemfariji. "Kuteleza si kuanguka, mdogo wangu," alimwambia, akimfuta machozi kwa upande wa kanga yake. "Sisi tumeshakusamehe." Fundi akazidi kumpenda.

Mchana mmoja, mama na binti zake wawili, fundi na dada yake, wakichambua mchele barazani, akaingia jirani aliyekuwa safarini tangu alfajiri ile ya moto. Amebeba kigoda.

"Jamani, nimekaa nacho mno! Nilikichukua usiku ule tulipoota moto na dada yako, wewe umeshalala. Aliuwasha upya, si unajua baridi ile? Upepo ulipochachamaa tukakimbilia ndani, kila mtu kwake."

Akaaga, asijue alichokiacha nyuma.

"Dada?"

Dada akainamia ungo. "Niliogopa."

"Ukaona nalia, ukanifuta machozi, ukanisamehe? Kosa lako mwenyewe, dada?"

Fundi akamgeukia mama, akisubiri radi ipige. Mama akaendelea kupeta.

"Yaishe, mwanangu. Aliniambia siku ileile. Mwenzako moyo wake mwepesi, angevunjika. Wewe umezoea kubeba."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba huenda vikawa viwili, na kimoja ndicho kilichokuzaa.

Fundi alizitazama nyuso hizo mbili alizozipenda kuliko zote duniani. Akatamani laiti kosa lingekuwa lake kweli. Angalau angebaki na mama, na dada pia.